Miguu Yangu Kwenye Sinema

Jumapili, 25 Mei 1975

Daftari hili limetoka kwa Bwana Anton wa gari la sinema. Amesema nikilijaza ni langu, nisipolijaza nimrudishie.

Jana alifunga kitambaa chake cheupe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, jenereta ikanguruma, tukakaa chini mpaka picha ikaisha. Akachukua kipaza sauti, akauliza, "Ndugu wananchi, mmeionaje?"

"Nzuuuri!"

"Nzuri wapi?"

Ndipo jirani yangu Leonia, mtu asiyeumbiwa kunyamaza, akapaza sauti: "Muulize Mama Zamda hapa, amesonya mpaka mtoto kaamka!"

Watu walicheka kuliko walivyoicheka picha yenyewe. Nikajifunika kanga usoni. Lakini baadaye Bwana Anton alinifuata huku anakunja nyaya zake.

"Umesoma, dada?"

"Darasa la tano, Tabora mjini. Nikaishia hapo."

"Inatosha. Mimi kila kijiji lazima nipeleke maoni ya watazamaji. Miaka mitatu naandika maneno yale yale, wananchi wamefurahi. Kule Ipole watu waliondoka mmoja mmoja, nikabaki mimi na mbwa, nikaandika wamefurahi. Niandikie wewe unavyoona, usinifiche. Nikija mwezi ujao nitasoma."

Basi, maoni. Picha ilikuwa ya kuchekesha. Mtu katoka porini na fimbo na kibuyu, anaingia mjini. Anaogopa kengele ya baiskeli. Anatafuna sabuni akidhani ni muhogo. Anaanguka mtaroni. Alipoanguka mara ya kwanza nilicheka sana. Mara ya pili nikacheka kidogo. Mara ya tatu nikajiuliza, hivi huyu hana kwao? Hakuna aliyemfungia chakula cha njiani? Mama mkwe wangu, Bi Tatu, akaninong'oneza, "Mwanangu, mtu mzima aliyelima maisha yake yote anashindwaje kujua muhogo?" Hapo ndipo nilipoanza kusonya.

Aliyeitunga hajakaa na watu wa shamba hata siku moja. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Chemchem, binti wa Mabruki fundi cherehani. Nilipoolewa huku, aliyekuwa anaanguka ni mimi. Ndoo ya kwanza niliyojitwika ilinilowesha mwili mzima, na hakuna aliyenicheka mpaka nilipocheka mwenyewe. Hilo wangeliweka kwenye picha, tungecheka hadi leo.

Jumatano, 28 Mei

Upepo. Nimefua, nimeanika, nimefua tena.

Jumatatu, 2 Juni

Bwana Anton kaniambia niandike pia tunavyoishi, ili anayesoma ajue ni nani anayesema.

Kijiji chetu kinaitwa Mwamko, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Mume wangu Nassibu yumo kwenye kundi la wanaotengeneza njia ya reli, anarudi mwisho wa mwezi akinuka mafuta na moshi. Naishi na mama mkwe na mwanangu Zamda, mwenye miezi saba na meno mawili.

Tulipohamishiwa hapa mwaka jana tuliahidiwa maji, na kweli yalikuja. Tangi liko juu ya nguzo za chuma, bomba moja mbele ya ofisi. Miezi mitano tulichota kama watu wa mjini. Mvua zilipokatika, mashine ya kuvuta maji ikazimika. Fundi alikuja, akafungua tumbo la mashine, akatoa chuma kimoja, akakitia kwenye gunia na kusema, "Wiki mbili." Sasa ni ya saba.

Kwa hiyo tumerudi Kisima cha Wapagazi, saa nzima kwenda. Ni kisima cha mawe pembeni ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Babake mama mkwe alikunywa hapo akiwa na pembe ya ndovu begani. Tope lake ni jeupe kama majivu, likikaukia mguuni halitoki bila kusuguliwa kwa jiwe. Na maji ya kusugulia ndiyo yale uliyoyafuata saa nzima, kwa hiyo tunaliacha.

Alhamisi, 5 Juni

Mwenyekiti wetu, Mzee Lugembe, ameitisha mkutano akiwa amevaa koti. Tukajua kuna jambo.

"Jumatatu tuna wageni kutoka Dar es Salaam," akasema. "Hawakutumwa na ofisi yoyote. Ni vijana watatu wamechangishana, wanatengeneza filamu yao wenyewe kuhusu vijiji. Sasa watatukuta na bomba kavu, linaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nifanyeje, ndugu zangu?"

"Waambie ukweli," akasema Leonia.

"Mgeni unamkaribisha kwa msiba?"

Mama mkwe akaomba nafasi. Akasema babake alimsimulia kwamba msafara ukikaribia mji ulisimama kwanza nje. Wapagazi wanaoga, wanatoa nguo safi walizoficha ndani ya mzigo, wanajifunga manyoya na njuga, ndipo wanaingia wakiimba. "Mtu ana vidonda mabegani, lakini anaingia kwa ngoma. Mwenyeji asimwone amechoka. Ndivyo tulivyolelewa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi, sijui mdomo ulifunguliwa na nani, nikasema, "Si tujaze tangi kwa ndoo? Likijaa, bomba litatoa. Bomba halijui maji yamepanda kwa mashine au kwa kichwa."

Mzee Lugembe alinitazama kama nimemtolea jino bovu. "Mama Zamda," akasema, "una akili ya mjini."

Nimerudi nyumbani nimejaa sifa.

Jumamosi, 7 Juni

Wanawake sitini. Kisimani mara mbili alfajiri, mara moja alasiri. Wanaume wamepanga ngazi wanapokezana ndoo kwenda juu. Leonia kaimbisha njia nzima wimbo wa kumcheka fundi na gunia lake. Shingo haigeuki.

Jumapili, 8 Juni

Vilevile. Tangi limejaa.

Jumatatu, 9 Juni

Wamefika. Mkubwa wao ni msichana, Dada Flavia, amevaa suruali, na kamera inabebwa na Marko. Wa tatu anashika kipaza sauti kama mtu anayevua samaki.

Nilidhani watatupanga mistari tuimbe. Hapana. Dada Flavia alikaa jikoni kwetu, akala ugali na mlenda, akamwamkia mama mkwe shikamoo akiwa amepiga goti hasa. Kisha tukaenda bombani. Nilifungua, maji yakatoka kwa nguvu, watoto wakapiga kelele. Zamda nilimweka chini yake, mwanangu ambaye kwa wiki saba nilimwogesha kwa kata mbili. Akashtuka, akapiga maji kwa viganja, akacheka, nami nikacheka. Hicho kicheko hakikuwa cha uongo. Naandika ili nikumbuke.

Dada Flavia akauliza, kamera ikiwa inazunguka, "Maji haya yanatoka siku zote?"

"Siku zote, dada."

Kamera ilipozimwa akauliza tena taratibu, "Na zamani mlikuwa mnachota wapi? Nipeleke nikaone."

"Njia mbaya, dada, utaumia miguu."

Alinitazama kitambo. Kisha akasema haya, asante, filamu itasafirishwa nje ikasafishwe, itarudi baada ya miezi.

Jioni bomba lilikuwa bado linadondosha. Tuliweka sufuria chini yake.

Jumapili, 29 Juni

Bwana Anton alisoma niliyoandika, akacheka palipo na mbwa wa Ipole, akasema, "Endelea hivyohivyo."

Picha ya jana ni ya maelezo, kuhusu tumbaku. Wakulima wanatabasamu, majani yanatabasamu. Sauti inasema mkulima anafurahia jasho lake. Nani aliyewahi kufurahia jasho? Wanafurahia mavuno. Kisha wanaonyesha mama anafunga majani kwenye fito, mikono yake myeupe safi! Nyuma yangu wakasema, "Huyo kaazimwa." Mtu akifunga tumbaku vidole vinakuwa vyeusi na vinanata siku nne, ukimshika mtoto anakukwepa. Wala hakuna aliyekohoa kwenye bani, nyumba ya kukaushia, wakati kukausha tumbaku ni moshi na kukesha na kuni. Wametoa moshi wote ili ionekane vizuri, na hatukuamini hata yale yaliyokuwa kweli.

Ijumaa, 11 Julai

Zamda anatambaa. Anatambaa kinyumenyume, kama kaa, anazidi kwenda mbali na anachokitaka, analia.

Jumamosi, 26 Julai

Gari la sinema limeharibika njiani. Nassibu kaja. Afadhali.

Jumanne, 12 Agosti

Kisimani sasa mtu anashuka ngazi tano ndani ndipo ayakute maji. Mwezi wa sita zilikuwa mbili. Fundi bado.

Jumatatu, 25 Agosti

Ngazi saba. Kuna foleni. Leonia na mke wa mwenyekiti wamegombea zamu, wakatupiana maneno ambayo siyaandiki kwa sababu daftari hili linasomwa na mwanamume.

Jumapili, 31 Agosti

Picha ya jana tena ya kuchekesha. Kuna mke mwenye mdomo. Mume analeta wageni, mke anasema mbele yao, "Kuku huyu tumemkopa." Mume anataka kufa kwa aibu, watu wanacheka. Anasema tena, "Na koti hilo si lake." Mwisho mume anachukua ndoo ya maji anammwagia mkewe kichwani, swaa! Hapo palikuwa pa kucheka kabisa, kila kijiji wanacheka, Bwana Anton anasema.

Kwetu wanawake wote kwa pamoja walipiga ukelele, "Ayaaa! Maji!"

Mmoja akasema, "Ndoo nzima!" Mwingine, "Angalau angesimama kwenye bustani." Bwana Anton alikuja kuniuliza kama picha ilikatika mahali.

Maoni yangu: yule mke alisema kweli mara nne na mara nne zote alichekwa. Sikuona alichokosea, isipokuwa kwamba alisema. Na aliyetunga picha hakika ana bomba ndani ya nyumba.

Nimelala nikiiwaza ndoo ile.

Jumapili, 7 Septemba

Mfungo umeanza. Mama mkwe anafunga na anakwenda kisimani vilevile. Nimemwambia, "Mama, acha, nitakwenda mara mbili." Akasema, "Ukienda mara mbili nani atamnyonyesha mjukuu wangu, mimi?"

Jumapili, 14 Septemba

Zamda anaharisha tangu jana. Nimemchemshia maji.

Jumatatu, 15 Septemba

Hajalala. Macho yameingia ndani. Nikimbana ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa.

Jumatano, 17 Septemba

Naandikia kwenye benchi la zahanati, Igalula. Nilimfunga mgongoni saa kumi alfajiri. Mama mkwe alitaka kuja, nikamkatalia kwa kuwa amefunga, akanifuata hata hivyo hadi relini, hatua ishirini nyuma yangu. Njiani Zamda alinyamaza. Mtoto anayelia unamlaani, akinyamaza unamwomba alie. Nilikuwa namfinya kidole cha mguu kila baada ya hatua chache, akiguna nasema alhamdulillahi, natembea.

Muuguzi amempa dawa na kuniambia nimnyweshe kijiko kimoja kimoja, nisichoke. Kisha akauliza, "Maji mnachota wapi?"

"Kisimani."

"Kijiji gani?"

"Mwamko."

Akainua uso. "Mwamko? Nyie si mna bomba? Nasikia hata picha zimepigwa."

Nilimtazama mwanangu midomo yake ilivyokauka. Nilimwogesha kwa maji yanayomwagika mbele ya kamera, na sasa namdondoshea kwa kijiko.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumesharudi nyumbani. Zamda amenyonya. Amekojoa! Nimemwamsha mama mkwe kumwambia.

Jumanne, 23 Septemba

Mzee Lugembe amerudi kutoka Tabora. Alituita wachache uani kwake, hakuvaa koti.

Chuma chetu kimetengenezwa. Kipo stoo, kina jina letu. Alipokiomba, wakubwa wa ofisi ya maji wakamshangaa. Filamu ya wale vijana imefika, wameonyeshwa mjini. "Tumeona maji yenu, Mzee, yanamwagika kama mvua. Hongereni, mmejitengenezea wenyewe. Ndiyo kujitegemea." Chuma watapewa wenzetu wa kijiji kingine wenye mashine kama yetu, mwisho wa Oktoba. Chuma kingine hakuna mpaka mwakani, na pengine mwakani hakuna.

"Wewe ukawaambia nini?" akauliza Leonia.

"Niwaambie nini? Kwamba kijiji kizima kiliwadanganya wageni? Walinipa mkono, watu saba, mmoja baada ya mwingine. Nikapokea."

Hakuna aliyenitazama. Ndivyo nilivyojua wote wananiwaza mimi.

Jumamosi, 27 Septemba

Gari halikuja, kwa ajili ya mfungo. Ngazi tisa. Baada ya tisa ni mwamba.

Jumatatu, 6 Oktoba

Iddi. Mama mkwe alitoa kanga mpya, akaoga kwa kata moja, akatoka anang'aa. Nikamwuliza, "Mama, wapagazi wakishaingia mji na ngoma zao, halafu?" Akasema, "Halafu nini?" Nikasema basi.

Jumapili, 19 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja mchana, yanatutazama, yanakwenda zake. Bwana Anton kaleta habari kwa mtu wa baiskeli. Jumamosi analeta filamu yetu, pamoja na Bwana Mahona, mkubwa anayegawa mashine na vyuma vyake. Anataka kutupongeza kwa mdomo wake. Jumatatu inayofuata chuma kinaondoka stoo.

Leonia anauliza kama tutajaza tena tangi. Tujaze nini? Mate?

Jumapili, 26 Oktoba

Nina kurasa chache, nitaandika zote.

Jana walikuja hata wa vijiji vya jirani. Bwana Mahona alikaa kwenye kiti, mwenyekiti pembeni yake ndani ya koti, anatoka jasho. Filamu inaitwa *Maji ya Mwamko*. Kitambaa kilipowaka akaonekana mke wa mwenyekiti anapepeta, uso wake mkubwa kama mlango, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Kila aliyetokea alitajwa jina. Mama mkwe alipojiona anasonga ugali alisema, "Nimekuwa mzee hivyo?" na kumbe analia.

Bwana Anton, haya ndiyo maoni yangu na uyapeleke kama yalivyo. Katika picha zote ulizotuletea hii ndiyo iliyotupenda. Hakuna mtu aliyeanguka mtaroni. Hakuna mikono ya kuazima. Dada Flavia amengoja mpaka mtu asahau kamera, ndipo anampiga picha. Na imenivunja moyo kuliko zote.

Kwa sababu nikatokea mimi. Bomba, maji, Zamda amenona, anacheka. Nikasikia sauti yangu kwenye kipaza sauti, nyororo, "Siku zote, dada." Zamda wa kweli alikuwa mapajani pangu, mwepesi kama kapu. Akanyoosha mkono kuelekea yale maji.

Nami sikuweza kuangalia uso wangu, nikaangalia chini, pale chini ya picha. Nikaona miguu yangu. Imepakwa tope jeupe mpaka magotini.

Filamu ikaisha. Bwana Mahona akasimama, akatusifu, akasema sisi ni mfano, na wenzetu watakaopokea chuma wametutumia shukrani. Watu walipiga makofi kama wanaokung'uta vumbi. Bwana Anton akachukua kipaza sauti, kwa mazoea.

"Ndugu wananchi, mmeionaje?"

"Nzuri," wakasema, bila kuivuta.

"Nzuri wapi?"

Leonia tena, lakini safari hii polepole, bila mzaha: "Muulize Mama Zamda."

Nilimpa mama mkwe mtoto. Sikumbuki nilivyofika kwenye gari. Kipaza sauti ni kizito, na kina joto la mikono ya watu.

"Bwana Anton, naomba urudishe pale bombani."

"Nikirudisha lazima—"

"Rudisha, kaka."

Akarudisha. Maji yakamwagika tena, nami nikacheka tena pale ukutani. Nikasema, "Msinitazame usoni. Tazameni miguu. Udongo wa kijiji hiki ni mwekundu, kila mtu anajua. Huo mweupe uko mahali pamoja tu, Kisima cha Wapagazi. Mtu mwenye bomba mlangoni kwake anakwenda kufanya nini kisimani?"

Mwanamke mmoja akacheka, akanyamaza ghafla.

"Mama Zamda!" Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Wageni hawa!"

"Tangi tulilijaza kwa ndoo, siku mbili," nikasema. Sauti yangu ilitoka kwenye spika kubwa kuliko mimi. "Mashine haijafanya kazi tangu mvua zikatike. Kisima kimebaki mwamba. Mwanangu nusura nimzike mwezi uliopita."

Bwana Mahona aligeuza kiti chake chote. "Kwa hiyo mlinidanganya."

"Nilidanganya mimi, baba. Wazo lilikuwa langu, na sauti uliyoisikia ni yangu."

"Mwanne, kaa chini," akasema mwenyekiti. Jina langu analijua, sikujua kama analijua.

Ndipo mama mkwe akainuka, Zamda begani. Hakuhitaji kipaza sauti. "Lugembe, mwanangu, mimi ndiye niliyewasimulia habari za baba yangu, na sikumaliza. Huyu mtoto aliniuliza siku ya Iddi nikamnyima jibu, nilikuwa sijalitafuta. Msafara unaingia mji kwa ngoma, ndiyo. Lakini ukishaingia, mzigo unashushwa chini, mwenyeji anaona mabega, anakupaka mafuta. Sisi tumeingia tangu Juni hatujashusha. Tunacheza na mzigo kichwani. Umeona wapi?"

Bwana Anton akaizima jenereta. Bwana Mahona akachukua tochi yake, akaenda mwenyewe mpaka bombani, hatua kumi, akalifungua. Likavuta pumzi. Akatoka buibui, akashuka kwa uzi wake, taratibu, kwenye mwanga wa tochi.

"Hicho kisima kiko wapi?" akauliza.

"Lala hapa, baba," akasema Leonia. "Alfajiri tunakupitia, na ndoo tunakupa."

Watu wakacheka kwa woga. Nilifikiri atapanda gari aondoke. Akalala kwa mwenyekiti, na leo alfajiri amekwenda nasi. Ndoo hakubeba. Alishuka ngazi zote tisa, akakaa chini huko muda mrefu, anatazama wanawake wanavyokwangua mwamba kwa kata. Aliporudi kijijini alikuwa na miguu myeupe mpaka magotini, akapanda gari hivyohivyo. Hakuahidi kitu.

Mwenyekiti hajanisalimia. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba akitazama paa la ofisi.

Bwana Anton, ukimwona Dada Flavia mwambie hivi: miguu aliipiga picha, ila alitazama uso. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia njia mbaya.

Jumatano, 29 Oktoba

Jumatatu imepita. Hatujui chuma kimekwenda wapi.

Jumapili, 2 Novemba

Zamda amesimama, ameshika ukuta. Akahesabu watu waliomwona, akakaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua ya kwanza, ya nusu saa. Tumetoa kila chombo, hata vifuniko. Leonia alitoa viatu vya mumewe.

Jumapili, 9 Novemba

Mke wa mwenyekiti ameniletea boga. Hakusema la nini. "Mwangaluka," akanisalimia kwa Kinyamwezi, akaliweka mlangoni, akaondoka. Boga kubwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ukurasa wa mwisho.

Fundi amekuja kwa Landrova, na gunia lilelile. Alishinda ndani ya kibanda cha mashine, anatukana kwa Kisukuma. Mzee Lugembe alisimama mlangoni muda wote, bila koti, anampa spana. Alasiri mashine ikakohoa, ikakataa, ikakohoa, ikashika.

Bomba lilitoa hewa kwanza. Kisha maji mekundu ya kutu. Tulisubiri. Hakuna aliyeimba, na kamera haikuwepo. Zamda alikataa kusogea, amesahau maji yanayotembea, akajificha kwenye kanga yangu.

Yalipokuwa meupe, mwenyekiti aligeuka akatafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Anza wewe, Mama Zamda."

Nikaweka ndoo pembeni. Nikachukua jiwe, nikapandisha kanga, nikaosha miguu kwanza.